Magari yaliyoinua pua: Mafundi Marekani wafufua enzi ya robo maili

UKILIONA kwa mara ya kwanza utadhani fundi wake alikosea vipimo. Pua imeinuka kama ya mbwa anayenusa upepo. Tairi za mbele ni nyembamba, za nyuma ni pana na laini kama zilizokwisha kabisa. Boneti imetobolewa, na kutoka tunduni umechomoza mtambo wa chuma unaong'aa. Mlangoni limeandikwa jina la gari kwa rangi ya dhahabu, kwa mkono, kama wafanyavyo wachoraji wa matatu zetu za Nairobi.

Gari hili huitwa gasa. Wamarekani huita petroli "gesi", na hapo ndipo jina lilipotoka. Halina uhusiano wowote na mtungi wa jikoni. Lilitamba katika mbio fupi za kunyooka kuanzia miaka ya 1950 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha likasahaulika. Siku hizi wako Wamarekani wengi, wazee kwa vijana, wanaotumia wikendi zao gerejini wakilijenga upya.

Si kwamba wanakarabati yale ya zamani. Mengi ya hayo yalikatwakatwa zamani na kuuzwa kama vyuma chakavu. Wanachofanya ni kujenga gari jingine kwa mfano wa yale, kama heshima kwa waliotangulia. Kazi yenyewe huonekana kama mchezo, lakini ina maswali mawili mazito: Je, unayemuenzi umemtendea haki? Na je, utashuka garini ukiwa mzima?

Mbio zenyewe ni rahisi kueleza. Magari mawili husimama sambamba, hung'oka pamoja, na anayetangulia kumaliza robo maili, yaani mita 402, ndiye mshindi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vijana wa Marekani walikuwa na magari makuukuu ya bei nafuu na ujuzi wa mitambo. Walishindana barabarani usiku huku wakikimbizwa na polisi. Mwaka wa 1951 Wally Parks aliongoza kuanzishwa kwa chama cha NHRA ili mbio hizo zipate kanuni na viwanja, na mwaka wa 1955 chama hicho kiliandaa mashindano yake ya kwanza ya kitaifa mjini Great Bend, jimbo la Kansas.

Gasa lilipewa daraja lake. Kanuni ilitaka bodi iwe ya gari lililotoka kiwandani, lenye milango na vioo, na litumie petroli ya kawaida. Uzito wa gari ulilinganishwa na ukubwa wa injini, kisha likapewa herufi: A, B, C na kuendelea. Ndiyo maana ukitazama picha za zamani utaona herufi hizo zimechorwa dirishani.

Mafundi walitafuta bodi ndogo na nyepesi. Iliyopendwa mno ilikuwa Willys, gari la Kimarekani la miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940 ambalo watu wa kawaida walikuwa wamelitupa. Wengine walichukua Ford Anglia na Austin kutoka Uingereza. Hapa wazee wetu wataguna! Anglia na Austin ni magari waliyoyajua vizuri enzi za ukoloni, na kila mmoja wao atakuapia kwamba halikuwa gari la kupanda mlima bila kupumzika. Huko Marekani lilitolewa injini yake yote, likawekewa ya silinda nane.

Sasa turudi kwenye ile pua. Umewahi kusimama ndani ya basi dereva anapoondoka kwa pupa? Unasukumwa nyuma, na kadiri ulivyo mrefu ndivyo unavyoyumba zaidi. Gari nalo ni vivyo hivyo. Tairi za enzi hizo hazikushika lami vizuri, zikawa zinazunguka bure na kutoa moshi. Mafundi wakaona kwamba wakiinua injini juu, gari linapong'oka uzito utahamia nyuma na kuzikandamiza tairi zinazosukuma. Waliinua mpaka NHRA ikaweka kikomo: kitovu cha shafti ya injini kisizidi inchi 24, yaani sentimita 61, kutoka ardhini.

Kwa hivyo anayejenga gasa leo huanza kwa kukata. Mfumo wa mbele wa kiwandani, wenye springi za kuzunguka, hutolewa wote. Mahali pake huchomelewa ekseli moja ya chuma, iliyonyooka kutoka gurudumu hadi gurudumu, juu ya springi za majani. Ni ule ule mpangilio wa lori. Fundi yeyote wa jua kali pale Gikomba angeutambua bila kuuliza.

Hapo ndipo wengi huharibu. Wameona picha moja au mbili, wakadhani kadiri pua inavyopanda ndivyo gari linavyofanana na la zamani. Chunguza picha za miaka ya 1960 na utaona kwamba magasa mengi yalikuwa juu mbele na nyuma, karibu sawasawa. Gari lililoinuliwa mbele peke yake huku mkia ukiburura ni la maonyesho. Na kuna hatari: kama fimbo ya usukani haikulingana na springi, kila springi inapojikunja magurudumu hugeuka yenyewe. Katika mwendo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, dereva hana muda wa kujadiliana nayo.

Mtambo ule unaochomoza boneti nao una hadithi yake. Ni pampu ya hewa iliyotoka kwenye injini za dizeli za GMC za mabasi na malori. Injini hizo za mipigo miwili hazikuweza kuvuta pumzi zenyewe, ndiyo maana ziliundwa na pampu ya kuzisukumia hewa. Iliyotafutwa sana ni ile iitwayo 6-71, kwa kuwa injini yake ilikuwa na silinda sita, kila moja inchi 71 za ujazo. Vijana waliinunua katika majumba ya vyuma chakavu, wakaifunga juu ya injini ya petroli na kuizungusha kwa mkanda. Hewa nyingi, petroli nyingi, nguvu nyingi. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya basi kikawa taji la gari la mbio.

Mwandishi huyu anaona kwamba roho ya magari haya iko hapo hapo. Anayenunua kila kipuri kikiwa kipya dukani, kikiwa kimepakwa kromiamu, atapata gari zuri, lakini atakuwa ameacha nje kitu kilichowafanya wale wa zamani wastahili kukumbukwa.

Hata hivyo, si kila cha zamani cha kuigwa. Klachi za wakati ule zilikuwa zikipasuka. Vipande vya flaiwili vilitoboa sakafu na kumfikia dereva miguuni. Mwaka wa 1970 bingwa Don Garlits, ambaye gari lake lilikuwa la aina nyingine, lile refu lenye injini mbele ya dereva, alipoteza sehemu ya mguu wake baada ya mitambo ya gia kulipuka katika uwanja wa Lions, California. Mjenzi mwenye akili huweka ngao nene ya chuma kuzunguka klachi, fremu ya mabomba ya kukinga paa, mikanda ya kisasa na breki za diski. Vingi vya hivyo vinaweza kufichwa au kupakwa rangi visivutie jicho. Atakayekulaumu kwa kutofuata historia, mwambie aendeshe yeye.

Swali gumu zaidi ni la jina mlangoni. Chukua mfano wa timu ya Stone, Woods na Cook. Fred Stone na Tim Woods walikuwa wafanyabiashara weusi wa Los Angeles, na dereva wao Doug Cook alikuwa mzungu. Walikuwa wakishinda na Willys yao hata kabla ya Sheria ya Haki za Raia kupitishwa mwaka wa 1964, wakati ambapo katika majimbo ya kusini mweusi na mweupe hawakuruhusiwa kuketi meza moja. Mpinzani wao mkubwa alikuwa John Mazmanian na Willys yake nyekundu, na ugomvi wao ulijaza kurasa za matangazo katika magazeti ya magari.

Willys ya akina Stone iliitwa Swindler, maana yake Laghai. Leo ni rahisi kununua bodi mpya ya Willys iliyofinyangwa kwa faiba na kuandika jina hilo mlangoni. Lakini anayeiga Laghai asije akawa laghai mwenyewe. Gari likibadilisha mikono mara mbili au tatu, mnunuzi wa tatu huambiwa ndilo lenyewe, na bei hupanda. Waungwana huandika wazi katika hati na kwenye kibao ndani ya gari kwamba ni mfano, na mwaka uliojengwa. Wengine hukwepa tatizo lote: hujenga gari la enzi ile lakini hulipa jina lao. Mimi nawaunga mkono hao. Mlango wa gari ni mahali pa kujitambulisha, na vijana wa 1962 hawakuandika jina la mtu mwingine.

Mwisho wa magasa ulikuja kwa haraka. Mwaka wa 1965 kampuni ya Chrysler iliunda Dodge na Plymouth chache zilizosogezwa ekseli ya nyuma mbele kwa inchi 15 na ya mbele kwa inchi 10. Watu walipoziona walicheka, zikaitwa magari ya kuchekesha. Mwaka uliofuata ikaja Mercury Comet yenye bodi ya faiba iliyofunguka yote kwa pamoja, kama mfuniko wa sufuria. Tangu hapo bodi ikawa ganda tu, na mlango ukawa picha iliyochorwa.

Gasa la ukumbusho lina mlango unaofunguka. Katika baadhi ya viwanja vya mashariki mwa Marekani hukimbia bila taa za kuanzia, zilizoanza kutumika mwaka wa 1963. Mtu mmoja husimama katikati ya magari mawili, bendera mkononi. Anawatazama madereva mmoja mmoja, kisha anaruka juu, na pua zote mbili zinapaa pamoja naye.