Uzuri na Manufaa (Sehemu ya Pili): Mashoka ya Kariandusi

Katika sehemu ya kwanza tuliziacha methali mbili zikibishana. Kipenda roho hula nyama mbichi, wasema wanaoamini kwamba uzuri ni hiari ya kila moyo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wajibu wanaoamini kwamba uzuri umo katika kitu chenyewe, mtu apende asipende. Leo tuupeleke ubishi huu Kariandusi, karibu na Gilgil, kando ya barabara kuu iendayo Nakuru.

Hapo mwaka 1928 Louis Leakey alikuta mashoka ya mkono ya mawe, yaliyochongwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Mengi ni ya obsidiani, jiwe jeusi la volkeno ling'aalo kama kioo. Umbo la shoka ni la tone la maji: ncha upande mmoja, kitako cha mviringo upande wa pili, na mbavu mbili zinazolingana.

Sokrate, kama Xenophon anavyomsimulia, angesema shoka hili ni zuri kwa kuwa linafaa. Kwake hata kapu la kuzolea samadi ni zuri likiifaa kazi yake, na ngao ya dhahabu ni mbaya isipomkinga mtu. Lakini obsidiani haihitaji kupambwa ili ikate. Ipige mara moja tu, kibanzi kinachoruka kina makali ya kuchunia ngozi ya mnyama. Ni kweli kwamba shoka zima hukaa vyema kiganjani, lina uzito, na laweza kunolewa upya. Hata hivyo, wataalamu waliochinja kwa mashoka ya kuiga wamegundua kwamba ule ulinganifu wa mbavu hauongezi sana wepesi wa kukata. Kwa nini basi mchongaji aliendelea kugonga?

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790, alifundisha kwamba tunauonja uzuri pale tunapokiangalia kitu bila kukitaka kwa matumizi. Hapo simfuati hadi mwisho. Mchongaji alikuwa na njaa na kazi mkononi, na bado alijua pigo lipi liwe la mwisho. Jicho lake lilihukumu.

Na hukumu hiyo haikuwa yake peke yake. Umbo hilohilo lilichongwa Afrika, Ulaya na India kwa zaidi ya miaka milioni moja. Ladha ya mtu mmoja haiwezi kueleza jambo hilo. Naona asili yake ni mwili tunaoshirikiana: kiganja, macho mawili, pande mbili zinazolingana. Uzuri huu haukai ndani ya jiwe lisilo na mtu, wala si matakwa ya mtu mmoja. Ulizaliwa kazini, kisha ukaipita kazi.

Heroe wa Ziwa Nakuru wanaleta swali gumu zaidi, maana hakuna mkono uliowachonga. Mwaka 2011 UNESCO iliyaorodhesha maziwa ya Nakuru, Bogoria na Elementaita kuwa Urithi wa Dunia, na uzuri ulikuwa miongoni mwa sababu zake. Ndilo la wiki ijayo.