Vikapu Voi: Wachezaji wapya huletwa na gredi za KCSE, si kocha

KILA mwaka wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaporipoti chuoni, kwa kawaida mwezi wa Agosti au Septemba, mjadala ule ule huzuka miongoni mwa wapenzi wa mpira wa vikapu. Je, chipukizi hawa wataifikia timu ya wale waliohitimu juzi? Yule mrefu aliyeonekana akisajiliwa anaujua mpira, au ni kimo tu?

Mjadala huo upo popote penye chuo na uwanja. Hata hivyo, katika mji wa Voi na Kaunti ya Taita Taveta kwa jumla, unapaswa kuanza na jambo moja ambalo mashabiki wengi hulisahau: chuo kikuu cha umma nchini Kenya hakichagui wachezaji wake. Huletewa.

Jambo hilo ndilo linaloeleza kwa nini timu ya chuo huweza kutisha msimu mmoja na kufifia msimu unaofuata, na kwa nini kijana hodari wa kudunga mpira kutoka Wundanyi au Taveta huenda asivae kamwe jezi ya chuo kilicho karibu na kwao.

Gredi kwanza, kimo baadaye

Chuo Kikuu cha Taita Taveta (TTU), ambacho makao yake yako karibu na mji wa Voi, kilianza kama chuo kishirikishi cha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) mnamo 2011. Kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2016.

Sawa na vyuo vingine vya umma, hupokea sehemu kubwa ya wanafunzi wake kupitia Huduma ya Kitaifa ya Kuteua Wanafunzi wa Kujiunga na Vyuo (KUCCPS). Huduma hiyo iliundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 na kuchukua nafasi ya Bodi ya Pamoja ya Uteuzi (JAB).

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Mtahiniwa wa Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE) aliyepata gredi ya C+ na zaidi ndiye anayestahili kusomea shahada. Huteua kozi na vyuo anavyovitaka, kisha alama zake katika masomo yanayohitajika na kozi hiyo hulinganishwa na za wenzake wanaoigombea nafasi ile ile.

Katika hesabu hiyo, hakuna mahali panapouliza mwanafunzi ana urefu gani, wala alifunga pointi ngapi katika michezo ya shule za upili. Kijana anayetumwa Voi hutumwa kwa sababu alitaka, kwa mfano, kusomea uhandisi wa madini, fani inayokipa TTU umaarufu katika eneo ambalo limejulikana kwa miaka mingi kwa vito vyake vya thamani. Kama anajua kuruka na kuudaka mpira unaorudi kutoka kwenye ringi, hiyo ni bahati ya kocha.

Ndiyo maana kocha wa chuo cha umma huwajua wachezaji wake wapya siku moja na mashabiki: siku wanapojitokeza uwanjani kwa mazoezi.

Kwa Wamarekani ni kinyume

Nchini Marekani, ambako mpira wa vikapu wa vyuo hufuatwa na mamilioni ya watu, safari huanza upande wa pili. Kocha humtafuta kijana akingali shule ya upili, humtembelea nyumbani, humwalika kukiona chuo, kisha humpa ufadhili wa masomo. Shabiki huko hulijua jina la mchezaji mpya miezi mingi kabla hajakanyaga bweni.

Nafasi zenyewe ni chache. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa kutoa ufadhili kwa wachezaji 13 pekee. Kuanzia msimu wa 2025/26 kanuni zilibadilika, na vyuo vilivyokubali mfumo mpya vikawekewa kikomo cha wachezaji 15 kikosini.

Afrika Mashariki inao mfano wake wa kijana aliyepitia njia hiyo. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza mpira wa vikapu akiwa tayari kijana wa makamo ya shule ya upili. Urefu wake, ambao ulifikia sentimita 221, ulimfikisha katika shule moja ya Houston, na mwaka wa 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut.

Alicheza huko misimu mitatu. Katika 2009 chuo hicho kilifika nusu-fainali ya kitaifa na kuondolewa na Michigan State, na miezi michache baadaye Thabeet akateuliwa wa pili na klabu ya Memphis Grizzlies. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA.

Kitabu kabla ya mpira

Lakini upo mfano mwingine unaowahusu zaidi wakazi wa Voi, nao ni wa marehemu Dikembe Mutombo wa Kinshasa.

Mutombo aliingia Chuo Kikuu cha Georgetown, jijini Washington, mwaka wa 1987 kwa ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani. Nia yake ilikuwa kuwa daktari. Hakuletwa na kocha. Alikuwa mwanafunzi kama wengine, isipokuwa kimo chake hakikufichika.

Kocha John Thompson alimwona, akamkaribisha mazoezini, na katika mwaka wake wa pili akaanza kuichezea timu ya chuo. Alipohitimu mnamo 1991, aliteuliwa wa nne na klabu ya Denver Nuggets. Kabla ya kustaafu alikuwa ametuzwa mara nne kuwa mlinzi bora wa NBA, na mwaka wa 2007 hospitali aliyoijenga kwa heshima ya mamake ilifunguliwa Kinshasa. Alifariki Septemba 2024.

Funzo lake ni hili: chuo kisichoweza kuchagua wachezaji wake kinaweza bado kuwatafuta miongoni mwa wanafunzi wake. Kati ya mamia ya vijana wanaojaza fomu za usajili, huenda yumo ambaye hajawahi kuambiwa kwamba anaweza kucheza. Kazi ya kocha wa chuo cha umma, basi, si kusajili. Ni kuangalia, kualika na kufunza.

Vipaji vinavyopita njia

Swali la pili linalowakera mashabiki wa kaunti hii ni: kwa nini vijana wetu wasichezee hapa hapa?

Taita Taveta ina shule za upili za majina makubwa, zikiwemo Dr Aggrey kule Wundanyi, Kenyatta ya Mwatate, Bura Girls na Murray Girls. Mashindano ya shule huanzia kaunti ndogo, yakapanda hadi kaunti, kisha kanda ya Pwani ambako Taita Taveta hukutana na Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu na Tana River. Washindi huendelea hadi kiwango cha kitaifa, na hatimaye mashindano ya shule za Afrika Mashariki.

Mwanafunzi anayeng'aa katika ngazi hizo huonekana. Na wanaomwona wana cha kumpa.

Jijini Nairobi, vyuo vya kibinafsi kama vile USIU na Strathmore vimekuwa na timu za wanaume na wanawake katika ligi ya juu ya Shirikisho la Mpira wa Vikapu nchini (KBF). Chuo cha kibinafsi kina uhuru wa kumpunguzia au kumfutia mchezaji karo, mradi awe ametimiza masharti ya masomo. Kwa mzazi wa Mwatate anayehesabu karo, hiyo si ahadi ndogo.

Upande wa bahari, Mombasa ina timu za Mamlaka ya Bandari (KPA), za wanaume na za wanawake, ambazo zimekuwa miongoni mwa vigogo wa mchezo huu nchini. Huko mchezaji hutazamia si karo tu, bali pia ajira.

Voi iko katikati: kama kilomita 150 kutoka Mombasa na zaidi ya 300 kutoka Nairobi, kwenye barabara kuu na kwenye reli ya kisasa iliyozinduliwa Mei 31, 2017. Njia hizo hizo zinazouletea mji biashara ndizo zinazowachukua vijana wake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini anayecheza kwao bila kutunzwa hupanda gari-moshi.

Kosa la kulinganisha

Mjadala wa timu za zamani na za sasa nao unahitaji kipimo cha haki.

Mashabiki hupenda kulinganisha vikosi kwa nyota wao. Aliyeshuhudia mfungaji fulani miaka kumi iliyopita ataapa kwamba hakuna atakayetokea mfano wake. Ila mpira wa vikapu huchezwa na watu 5 kwa wakati mmoja, na timu hupewa sekunde 24 tu kukamilisha shambulizi. Katika muda huo mfupi, kuzoeana ni silaha. Mlinzi anayejua bila kutazama kwamba mwenzake atakuwa chini ya ringi humshinda mlinzi hodari zaidi anayelazimika kumtafuta kwa macho.

Kwa hivyo swali la maana kuhusu timu ya zamani si nani alikuwa ndani yake, bali walicheza pamoja kwa muda gani. Shahada nyingi nchini huchukua miaka minne, na za uhandisi mitano. Kikosi ambacho watatu au wanne kati ya walioanza pamoja bado wapo mwaka wa nne kitaonekana bora kuliko kile kilichopoteza wakongwe wake wote kwa mahafali ya siku moja.

Hapo ndipo chuo chenye kozi za uhandisi kina faida isiyozungumzwa. Mwanafunzi wa uhandisi wa madini aliyeanza mazoezi akiwa mgeni kabisa ana mwaka mmoja zaidi wa kukomaa kuliko mwenzake wa kozi nyingine. Tatizo ni kwamba masomo hayo pia hudai muda mwingi wa maabara na mafunzo ya nyanjani, na kocha asiyepanga mazoezi kwa kuzingatia ratiba hiyo atampoteza.

Kinachobadilika

Mambo mawili yanaweza kuugeuza mjadala huu katika miaka ijayo.

La kwanza ni mchezo wa watatu kwa watatu, ambao uliingizwa katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021. Timu huhitaji wachezaji 4 tu, akiwemo mmoja wa akiba. Hutumia nusu ya uwanja na ringi moja, na mechi huchukua dakika 10 au humalizika timu inapofikisha pointi 21. Chuo au mtaa usio na watu 12 wa kujaza kikosi, wala ukumbi wa ndani, unaweza kushindana kwa usawa. Kwa kaunti ambayo sensa ya 2019 iliihesabu kuwa na watu 340,671, huo ni mlango ulio wazi.

La pili ni mtaala mpya. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na mojawapo ya mikondo mitatu wanayoweza kuchagua katika sekondari pevu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 itafanywa 2027, na kundi la kwanza la mtaala mpya linatarajiwa kuanza vyuo vikuu 2029.

Hilo linamaanisha kwamba kwa mara ya kwanza, vyuo vya umma vitapokea waombaji ambao michezo ni sehemu ya masomo yao rasmi. Kama vyuo vitakuwa na kozi za kuwafaa vijana hao, gredi na kipaji vitasafiri katika fomu moja. Kama havitakuwa nazo, watakwenda kwingine, kama ilivyokuwa kwa waliowatangulia.

Mpaka wakati huo, shabiki wa Voi anayetaka kujua timu ya chuo itakuwa na msimu wa namna gani asihangaike kumtafuta mrefu mpya kwenye foleni ya usajili. Aulize ni wachezaji wangapi wa mwaka wa tatu na wa nne wamebaki. Aulize ni wanafunzi wangapi wapya walioalikwa kujaribu, wakiwemo wasiowahi kuushika mpira. Kisha ahesabu ni siku ngapi kwa wiki uwanja una watu mazoezini jua linapoelekea kutua. Majibu ya maswali hayo matatu yatamwambia mengi kuliko jina la nyota yeyote.