Mshahara Mmoja, Siku Thelathini na Sita

Pesa za nyumbani msimu wa sikukuu: Sehemu ya 2

Wiki iliyopita tulikuwa sokoni. Tuliona kwa nini mchele wa Julai, mpunga wa Kyela na Kilombero ukiwa ndio kwanza umevunwa, hauwezi kuuzwa bei ile ile Desemba, na kwa nini bei ya kuku wa kisasa wa Krismasi huanza kupangwa mwanzoni mwa Novemba, siku mfugaji anapoingiza vifaranga bandani. Leo tuingie ndani ya nyumba.

Niseme mapema kwamba sioni sikukuu yenyewe kama mkosaji. Pilau ya siku moja, hata ikiwa na nyama ya kushiba na soda za watoto, ina mwisho wake. Wanaoandika kila Desemba kwamba watu "wajibane" wanamlaumu mama aliyenunua kuku wawili badala ya mmoja, wakati shimo lilishachimbwa kabla kuku hajachinjwa. Limechimbwa na kalenda.

Chukua nyumba inayoishi kwa mshahara wa shilingi 600,000, unaolipwa tarehe 25 ya kila mwezi. Desemba waajiri wengi huwahisha, serikali ikiwa mojawapo, ili watu wawe na pesa mkononi kabla ya Krismasi. Tuseme umeingia tarehe 20. Kila mtu anafurahi, na simu zinalia tangu asubuhi. Lakini mshahara wa Januari utarudi kwenye tarehe yake ya 25, na kati ya siku hizo mbili zimepita siku 36. Nyumba iliyozoea kutumia 20,000 kwa siku ingehitaji 720,000 ili ifike. Imepungukiwa 120,000 hata kabla ya kumwaga tone la mafuta ya sikukuu. Na sheria yetu ya ajira haimlazimishi mwajiri kulipa mshahara wa kumi na tatu, kwa hiyo aliyeajiriwa asiuweke kwenye hesabu mpaka ameuona.

Ndiyo maana watu huapa kwamba Januari ni ndefu kuliko miezi mingine. Kwa upande wa mfuko, wako sahihi kabisa.

Dawa ninayoiamini ni kununua Januari kabla ya kununua Krismasi. Siku mshahara unapoingia, kabla ya nguo na kabla ya nauli, uingie ndani kiroba cha unga cha kilo 25, dumu la mafuta la lita tano, maharage, sabuni, na mtungi wa gesi uliojazwa au gunia la mkaa. Pesa iliyoachwa kwenye simu kwa ajili ya Januari haifiki Januari. Itaombwa, na utaona aibu kukataa ukijua ipo. Kiroba cha unga hakuna shemeji atakayekuomba umrushie kwa simu. Kisha ukalipe deni lote la Mangi wa duka la mtaani, daftari lake lisomeke sifuri. Wengi hulipa nusu ili wabaki na chenji ya sherehe. Deni la zamani likiwa bado limekaa, tarehe 12 Januari Mangi atakataa kukukopesha hata sukari ya robo, na hatakuwa amekosea.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie safari. Anayekwenda Moshi, Bukoba au Mbeya mwisho wa mwaka anajua kwamba nauli ni mwanzo tu wa gharama. LATRA hupanga nauli za mabasi, na anayetozwa zaidi ya kiwango ana haki ya kulalamika. Hakuna mamlaka inayopanga bei ya kufika nyumbani. Kuna sukari na majani ya chai ya wazee, doti ya kitenge ya bibi, mchango wa mbuzi, kinywaji cha wakubwa, sadaka ya ibada ya familia, na jirani aliyekubeba mgongoni ukiwa mdogo, ambaye huwezi kumpita mikono mitupu. Kijijini, aliyetoka Dar anahesabiwa kuwa anazo, na hana namna ya kuthibitisha vinginevyo akiwa amevaa viatu vipya.

Ndugu wanaoelewana hukaa Novemba, siku hizi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, wakagawana: huyu analeta mbuzi, yule mchele, mwingine vinywaji, na aliyepoteza kazi mwaka huu analeta watoto tu, bila kuulizwa. Wasipokubaliana, kila mmoja hufika akiwa amejiandaa kubeba shughuli nzima, na mbuzi watatu huchinjwa siku mbili. Lolote litakalokubaliwa, tiketi ya kurudi ikatwe siku ile ile ya kukata ya kwenda. Nauli ya kurudi iliyofungwa kwenye pochi ni kishawishi kikubwa siku mjomba anapougua.

Sasa tuje kwenye kikoba, maana hapa ndipo pesa nyingi zaidi hupotea, na hupotea kwa heshima zote. Mfumo huu wa kununua hisa kila wiki, kukopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko una mizizi Niger, kwenye mradi wa shirika la CARE ulioanza na wanawake wa Maradi mwaka 1991, na kwetu ulienea kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uzuri wake mmojawapo ni kwamba wanachama wenyewe ndio wanaochagua lini wavunje. Na vikundi vingi vimechagua Desemba. Mwanamke aliyeweka 5,000 kila wiki mwaka mzima anapokea 260,000 pamoja na faida yake ya riba, siku kumi kabla ya Krismasi, madirisha ya maduka yote yakiwa yamewashwa taa. Zilizowekwa kwa nidhamu wiki 52 zinapokelewa kama bahati nasibu.

Kikundi kinachoweza kubadili katiba yake kivunje wiki ya pili ya Januari. Kinachoona hilo ni gumu kigawe mara mbili, theluthi kabla ya sikukuu na zilizobaki shule zikifunguliwa. Kwenye mchezo wa kupokezana ni rahisi zaidi: wakati wa kupanga namba kila mtu anaililia Desemba, kwa hiyo mwambie kijumbe unaitaka Januari. Atakupa bila ushindani.

Kwa nini Januari? Kwa sababu ya shule. Tangu 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne katika shule za serikali haina ada, na baadaye kidato cha tano na cha sita vikaingizwa. Hiyo imepunguza mzigo mkubwa, lakini sare, viatu, begi na madaftari vimebaki kwa mzazi. Aliyepangiwa kidato cha kwanza bweni hupata fomu ya kujiunga yenye orodha yake: tranka na kufuli, godoro, shuka za rangi iliyotajwa, ndoo, na mara nyingi jembe au fagio. Mafundi cherehani hufurika wiki mbili za mwanzo za Januari. Shati lile lile likishonwa Novemba, fundi anakupunguzia na analipima mara mbili.

Nyumba nyingi hukwama hapa kwa sababu ya jambo lisilo la hesabu. Mume na mke kila mmoja ana pesa ambayo mwenzake haijui vizuri. Tarehe 3 Januari mazungumzo huwa hivi:

"Baba watoto, sare hatujanunua."

"Si ulivunja kikoba?"

"Cha kikoba kilinunua nguo za Krismasi. Mimi nilijua za sare unazo wewe."

Wote wawili wamesema kweli. Kikao cha nusu saa mwishoni mwa Novemba, kila mmoja akitaja kinachoingia na anachokusudia kulipa, kingeiokoa nyumba hiyo. Kwenye kikao hicho iwepo pia michango ya harusi, kwa sababu Desemba kadi haziishi. Hakuna aibu kuchangia ya singo mahali ulipotarajiwa dabo.

Wasiokaa kikao hicho huishia kwa mkopeshaji. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Laki moja, basi, kwa mwezi mmoja izae 3,500. Mikopo ya kausha damu inayotolewa mitaani hudai 130,000 kwa laki hiyo, marejesho kila wiki, na siku ukichelewa wanakuja na kirikuu kuchukua televisheni. Ya simu nayo ina aina zake: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, nyingine zikiwapigia ndugu na wafanyakazi wenzako waliomo kwenye simu yako. Kabla ya kubonyeza "kubali", angalia leseni, kisha gawanya unachorudisha kwa ulichopokea mkononi. Usigawanye kwa kilichoandikwa, kwa sababu ada hukatwa mwanzoni.

Wasomaji Waislamu watasema haya ni ya wenye Krismasi. Kwa sasa, pengine. Lakini mwaka wa Hijria una upungufu wa siku kama 11 kwa mwaka wa kawaida, na Idd-ul-Fitri, iliyotarajiwa karibu na tarehe 20 Machi mwaka 2026, inazidi kurudi nyuma. Kwa hesabu za falaki, mwezi ukiandama kama inavyotarajiwa, Ramadhani ya mwaka 2030 itaanza wiki ya kwanza ya Januari, nyingine itaanza mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo, na Idd yake iangukie wiki ya nne ya Januari 2031. Futari, nguo za Idd, sare na madaftari vitadaiwa katika mwezi mmoja. Vikoba vya Tanga na Unguja vinavyovunja mwishoni mwa Shaabani vina miaka michache ya kulijadili hilo.