Kuongeza chumba Lamu: kibali kwanza, saruji baadaye

Wabajuni wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Somalia, na kutoka Burgao hadi Lamu nyumba za kale zilijengwa kwa namna moja: mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ndiyo maana mfanyabiashara aliyepita Ras Kamboni na Kiunga, akapata nyumba katika Mji wa Kale wa Lamu, anaweza kudhani kwamba kupandisha chumba cha wageni juu ya stoo ni shauri lake na fundi wake tu. Dhana hiyo yaweza kumla mtaji.

Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Kwa sheria ya Kenya ya 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi, anayetaka kujenga huomba kibali cha serikali ya kaunti. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Katika mji huu wa kale, Makavazi ya Kitaifa nayo ina neno lake.

Wanaoamua hawaulizi tu kama mwenye nyumba ana haja ya nafasi. Kila mwombaji anayo. Wanatazama nyumba itabeba nini na jirani atapoteza nini.

Kwanza, ukuta. Kuta za Lamu ni nene, lakini boriti ya mkoko hufika kiasi cha mita 2.8 tu, ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Ghorofa ya zege juu ya ukuta wa chokaa ni mzigo ambao waliojenga hawakuukusudia. Paa jepesi lina nafasi kubwa zaidi ya kukubaliwa.

Pili, jirani. Njia za mji ni nyembamba. Ghorofa moja ikizidi, nyumba ya pili hukosa upepo na mwanga, na dirisha jipya huchungulia kiwanda ambamo wanawake wa nyumba hiyo wanajisitiri. Mji haukatai nyongeza. Wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, ni nyongeza ya asili hapo, lakini hakiwezi kujengwa bila pande zote mbili kukubaliana.

Jibu laweza kuwa ndiyo, ndiyo kwa masharti, au hapana. Asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya masuala haya, na baada yake iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kwa anayetoka ng'ambo ya mpaka kuna jambo la kutazamwa hata kabla ya mchoro. Katiba ya Kenya humruhusu asiye raia kupata ardhi kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99. Mpangaji wa namna hiyo asome kwanza kama mkataba wake unamruhusu kuongeza chochote. Kisha azungumze na jirani, amwonyeshe mchoro, na madirisha ayaelekeze kwenye kiwanda chake mwenyewe. Pingamizi lililomalizwa barazani halifiki mezani kwa kaunti.