Kikohozi: Hesabu pumzi, hesabu siku

Vumbi la Garissa wakati wa kiangazi halimsazi mtu. Upepo ukivuma kutwa, usiku huwezi kukosa kusikia anayekohoa. Mama huchemsha tangawizi, nyanya huleta habasoda, naye jirani husifu maziwa ya ngamia. Je, mzazi, ni lipi la kufuata?

Kwanza usibabaike. Vikohozi vingi huletwa na virusi vya mafua na hupoa vyenyewe. Antibiotiki haziui virusi, kwa hivyo usikimbilie kuzinunua dukani. Mpe mgonjwa vinywaji vya vuguvugu kwa wingi. Kijiko cha asali kabla ya kulala hutuliza koo, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe asali kamwe, kwani yaweza kuwa na vijidudu vitakavyomdhuru vibaya. Huyo azidi kunyonyeshwa.

Maziwa ya ngamia ni chakula bora, ila yachemshwe. Yakiwa mabichi huweza kuambukiza ugonjwa wa brusela. Jiko la makaa na chetezo cha ubani viwekwe mbali, maana moshi huzidisha kikohozi.

Kuna na mambo ya kuachwa kabisa. Kumkata mtoto kimio au kumchoma kifua kwa chuma cha moto hakuondoi kikohozi. Humwachia vidonda tu, na huenda akavuja damu au kupata pepopunda.

Baada ya hayo, kazi kubwa ya mzazi ni kuhesabu.

Hesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, tazama kifua chake kwa dakika 1 nzima. Aliye chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi mwaka 1 mara 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, huenda ana nimonia. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usingoje hata saa moja.

Hesabu siku pia. Yeyote anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi, hasa akikonda, akitokwa na jasho usiku au akitema damu, apimwe kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali, na kwa kawaida humezwa kwa miezi 6.

Lakini mfugaji anayefuata malisho atakaaje mahali pamoja miezi yote hiyo? Swali hili lilipata jibu mjini Wajir mwaka 1976, katika mradi wa majaribio ulioongozwa na Mwitaliano, Bi. Annalena Tonelli. Wagonjwa walipiga vibanda vyao karibu na kituo cha matibabu, wakaishi humo kama walivyozoea, na kumeza dawa mbele ya mhudumu hadi kumaliza. Makao hayo yaliitwa manyatta. Bi. Tonelli aliuawa huko Borama, Somaliland, Oktoba 2003, lakini funzo lake lipo: nyumba na hospitali zinaweza kusaidiana.

Basi tangawizi iendelee kuchemka jikoni, lakini saa iwe ukutani na kalenda iwe karibu. Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua.