Fahamu: Kwa nini mwandishi wa Mau Mau alifungiwa Kajiado

Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, haikuwakamata wanasiasa peke yao. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa vijitabu vya Kigikuyu, alifungiwa katika kambi ya Kajiado, Umaasaini, mbali na wasomaji wake wa Kigikuyu. Baadaye alipelekwa kisiwa cha Manda, Lamu, kisha Athi River, pua na mdomo na Kitengela ya leo.

Kosa lake? Karatasi. Agosti mwaka huo alikuwa amechapisha kanuni ya imani iliyofuata ile ya kanisani, ila hii iliwataja Gikuyu na Mumbi, waasisi wa Wagikuyu katika masimulizi yao. Nyimbo za harakati za Mau Mau nazo zilipachikwa kwenye mahadhi ya tenzi: askari alisikia ibada, waimbaji walidai ardhi. Gazeti la Kigikuyu la Mumenyereri, lililoanzishwa na Henry Muoria mwaka 1945, nalo lilipigwa marufuku.

Nguvu hiyo ya kuandika na kuimba kwa Kigikuyu ilikuwa na kasoro yake. Madai yalihusu Kenya nzima, lakini Mmaasai wa Kajiado asingeweza kuyasoma.

Redio za lugha za mama zimerithi nguvu hiyo na kasoro hiyo. Kitengela, mji wa wapangaji wa kila kabila, ploti moja huamka na stesheni tatu au nne, kila mlango na yake. Lugha si hatia, lakini utangazaji kwa lugha hizo uliwahi kufika mahakamani. Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM, alishtakiwa mjini The Hague kwa ghasia za baada ya uchaguzi za 2007-2008. Aprili 2016 majaji waliikatiza kesi kwa upungufu wa ushahidi, bila kumtangaza kuwa hana hatia.