Neno dogo la Kiingereza lenye uzito Toronto

Mgeni kutoka Afrika Mashariki anayefanya kazi mjini Toronto, Kanada, hukutana na vitenzi vya Kiingereza ambavyo maana yake hugeuzwa na neno dogo linalofuata. Kiswahili hufanya mageuzi hayo ndani ya kitenzi chenyewe: funga, fungua, fungia. Katika Kiingereza, 'lay' ni kulaza, lakini 'They laid me off' humaanisha 'wameniachisha kwa kuwa kazi zimepungua'. Anayesema 'They fired me' hueleweka kuwa amefukuzwa. Tofauti hiyo si ndogo: wa kwanza anaweza kustahili malipo ya bima ya ajira, ilhali aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu kwa kawaida huyakosa. Wakazi wa kudumu hufundishwa Kiingereza bila malipo katika madarasa ya LINC, mpango wa serikali ya shirikisho ulioanza mwaka 1992.